Nunda Alilelewa Nyumbani

Wako wazazi wanaodhani hadithi za kale ni za kubembelezea watoto usingizi tu. Wako na wengine, wenye kisomo zaidi, wanaozisafisha kabla ya kuzisimulia. Humwondoa zimwi, humwondoa sultani mkatili, wakambakiza sungura mcheshi na mwisho mwema. Nawasihi wote waache. Wazee wetu waliwaweka watu wabaya ndani ya hadithi kwa makusudi, ili mtoto awajue kabla hajakutana nao njiani, au kabla hajaishi na mmoja wao katika nyumba moja.

Chukueni hadithi ya Sultani Majnuni. Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu huko Unguja, aliiandika kama alivyosimuliwa na wenyeji, akaichapisha London mwaka 1870 pamoja na nyingine nyingi. Sultani huyu alikuwa na wana saba, na alikuwa na paka. Paka akakamata mfugo, akala. Watu wakapeleka habari kwa Sultani, naye akajibu kwamba paka ni wake na mfugo ni wake, basi aachwe. Paka akapanda daraja, akala mnyama mkubwa zaidi. Jibu likawa lile lile. Akaendelea hivyo hivyo mpaka akafikia kula binadamu, na Sultani bado anamkingia kifua. Siku moja Sultani alipotoka kutembea na wanawe, paka akawarukia, akaua watatu. Hapo ndipo baba alipofumbua macho, akakiri kuwa huyu si paka tena, ni Nunda, mla watu.

Wasimulizi wengi hupita hapa mbio ili wafike kwenye vita vya kumwua Nunda. Mimi nasema tukae hapa, kwa kuwa hapa ndipo penye somo. Nunda hakutoka msituni. Alikula na kulala katika nyumba ya kifalme, na kila alipodhuru alipata mtetezi mwenye cheo. Na tazameni jambo jingine: Sultani huyo huyo ndiye aliyemdharau mwanawe mdogo, kijana wa kukaa jikoni na mama yake, akamhesabu kuwa hafai kitu, na kijana huyo ndiye aliyekuja kuuokoa mji. Baba alikosea pande zote mbili. Aliyekuwa mwema alimwona mjinga, na aliyekuwa hatari alimwona mali yake.

Mwaka 1941 daktari mmoja wa Marekani, Hervey Cleckley wa mji wa Augusta, Georgia, alitoa kitabu juu ya watu walio kama Nunda huyo, wanaodhuru wenzao huku wakipendeza machoni. Aliwaona hospitalini mmoja mmoja. Walizungumza vizuri, walipendeza, hawakusikia sauti wala kuona vitu visivyokuwapo. Hata hivyo walidanganya bila sababu, waliiba, waliwavunja moyo wake zao na wazazi wao, na hawakuonyesha haya wala majuto. Wakikamatwa waliahidi kutubu, na kesho yake wakarudia. Baada yake Robert Hare wa Kanada alitunga orodha ya mambo 20, kila moja likipewa alama tangu 0 mpaka 2, ili wataalamu waliofundishwa waipime hulka hiyo kwa uangalifu badala ya kwa chuki au uvumi.

Sisi tumezoea kumtafuta mwenye kasoro ya nafsi jalalani, mtu mwenye nguo chakavu anayesema peke yake. Tunapita mbali naye, tunawakataza watoto wasimsogelee, kumbe maskini yule hana ubaya na mtu. Wakati huo huo yule wa kuogopwa amekaa sebuleni, amevaa vizuri, mcheshi, tunamsifu kwa ulimi wake mtamu. Paka hubembelezwa na kila mgeni.

Sasa nasema na wazazi. Madaktari hawampi mtu jina la hulka ya kudhulumu watu kabla hajatimiza miaka 18. Wamefanya vema, maana mtoto bado anaumbika. Lakini mtu mzima mwenye dalili za hulka hiyo akifika mbele yao, huuliza habari zake za kabla ya miaka 15. Je, alikuwa akitesa wanyama? Alikuwa akionea wadogo, akiiba, akitia moto vitu vya watu, akisema uongo kila siku? Mnaona jinsi hadithi ilivyotangulia: maafa huanza kwa mnyama na kupanda kwa mtu. Sisemi kila mtoto aliyemrushia kuku jiwe amekwisha kuharibika. Watoto wote hukosea. Linalotakiwa kutazamwa ni kosa linalorudiwa na kukua, na uso usiobadilika mbele ya anayelia. Mzazi akiyaona hayo, kisha akajibu kwamba mwana ni wake na kuku ni wake, amekalia kiti cha Sultani Majnuni. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na katika hadithi hii baba alilia juu ya maiti tatu.

Lakini hadithi ina nusu ya pili, nayo ni ya mama. Yule kijana wa jikoni alitoka kumtafuta Nunda. Akaua mbwa, akamburuta kwa shangwe mpaka kwa mama yake, na mama akamwambia siye. Akaua ngawa, siye. Akarudi tena na tena na wanyama wakubwa zaidi, na kila mara mama alikataa. Kijana alikuwa na ushujaa tayari, akakosa utambuzi, na mama ndiye aliyempa. Alimwambia alama: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mkia mnene. Kwa alama hizo kijana alimtambua Nunda mwenyewe amelala, akamwua.

Akina mama wa namna hiyo wanatufaa sana leo. Tumekuwa wepesi wa kuita watu majina. Mwenye huzuni nzito tunamwita mvivu, mwenye kifafa tunasema ana pepo, kijana mkimya tunasema ana roho mbaya. Wagonjwa wengi wa akili hawamdhuru mtu yeyote. Mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa. Mbwa na ngawa waliouawa bure ni hao.

Na tukishamtambua mwenye hulka iliyopinda, tufanyeje? Wengi hujibu kwa fimbo. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze cha mwaka 1952, alituonyesha Adili akichapa nyani wawili kila usiku kwa amri ya jini. Nyani hao ni nduguze, Hasidi na Mwivu, ambao kwa kijicho walimtosa baharini. Adili akimaliza kuchapa huwalilia, huwalisha. Viboko vile havikumtuliza mpigaji. Katika Alfu Lela Ulela, mfalme Shahriyar aliyesalitiwa na mkewe akawa anaoa jioni na kuua asubuhi, na hakuna jeshi lililomzuia. Alipona kidogo kidogo kwa mwanamke aliyekaa naye akazungumza, usiku baada ya usiku. Hata leo matibabu ya hulka zilizovurugika hutegemea zaidi mazungumzo marefu kuliko vidonge. Marsha Linehan wa Marekani alitunga njia ya kuwasaidia watu ambao hisia zao huwafurika mpaka wanajiumiza wenyewe, na kwa kawaida njia hiyo huchukua mwaka mzima. Kwa wale wasiojua majuto kazi ni ngumu zaidi, sitaficha, hasa wakisha kuwa watu wazima. Ndiyo maana nang'ang'ania utoto.

Ndugu zangu, hospitali za akili kama Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Unguja si mahali pa kupelekea mtu aliyekwisha kufungwa kamba tu. Madaktari wa kule wanaweza kumsikiliza mzazi mwenye wasiwasi kabla maji hayajamwagika. Aibu ya kuonekana langoni ni ndogo kuliko aibu ya kuitwa mahakamani. Na ninyi majirani, mkifukuzwa mara ya kwanza mnapopeleka malalamiko, rudini. Mwalimu akikuita shuleni kwa mara ya pili, mzazi mwenzangu, usiende kumtetea mwanao. Nenda na kalamu, andika alichofanya, alimfanyia nani, na alijibu nini alipoulizwa, kisha karatasi hiyo mpe daktari.