Bwana Harusi wa Pate

Bado tunaandika kwamba Sulaiman bin Sulaiman Nabahani, mwana wa wafalme wa Oman, ndiye aliyeiasisi Pate. Aandikaye hivyo ameisoma Habari ya Pate kwa jicho moja. Bwana Kitini aliyeihadithia, naye mwenyewe Mnabahani, hakusema babu yake alijenga, alisema alioa. Alifika mwaka 600 wa Hijra (1203/4), utawala wa kwao umemponyoka, akaukuta mji una mfalme wake, akamposa binti wa mfalme huyo. Siku saba za harusi zilipotimia, mkwewe akamtunuku ufalme.

Mwaka huo wanahistoria wanaubishia, nami siutetei. Ninalotetea ni maana ya hadithi. Hata Wanabahani, walipojitungia nasaba ya kujitukuza, hawakudai upanga, walidai ndoa. Walikiri kwamba haki ya kutawala ilikuwa ya wenyeji, na kwao ilipitia kwa mwanamke. Nasi leo twamtukuza bwana harusi, na bibi harusi twamwita “binti wa mfalme” tu!

Aliyekaribishwa ukweni hakuijenga nyumba ile.