ZANA CHACHE ZILIZO IMARA

Mvuvi wa Kimbiji ambaye mashine ya boti yake imezimika nje ya miamba hana fundi wa kumwita. Hapo alipo, kati ya upepo na mkondo, fundi ni yeye mwenyewe, na kilichomo katika mfuko wake wa zana ndicho kitakachomrudisha pwani. Kwa hiyo twasema kwamba kununua zana za mashine si jambo dogo la nyumbani. Ni jambo la riziki, na pengine la uhai.

Tangu Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa Aprili 2016, safari ya kwenda Kariakoo imekuwa nyepesi kuliko siku za kutegemea kivuko au kuzunguka njia ya Kongowe. Huko dukani macho huvutwa na masanduku yenye vipande mia na zaidi, yang'aayo kama fedha, tena kwa bei ndogo. Lakini chuma hafifu hakikawii kujitangaza. Spana hupanuka mdomo, ikala pembe za nati. Na nati iliyolika haifunguki tena ila kwa patasi. Shilingi iliyookolewa dukani huenda kulipwa mara mbili kwa fundi.

Yafaa basi mwananchi aitazame kwanza mashine yake kabla ya kulitazama duka. Mashine nyingi zitokazo Japani, za boti na za pikipiki, hufungwa kwa nati za spana namba 10, 12, 14 na 17. Spana imara za namba hizo, bisibisi mbili, koleo, brashi ya waya na spana ya plagi zatosha kwa kazi nyingi za nyumbani. Spana ya plagi ijaribiwe kwanza, kwani ya pikipiki aghalabu hailingani na plagi ya boti. Na zana iliyoguswa na maji ya chumvi ioshwe kwa maji baridi, ikaushwe na kupakwa oili, la sivyo kutu itaila.

Hatusemi kwamba fundi hana kazi tena. Kubadili plagi na kusafisha kabureta ni kazi ya mwenye mashine. Kuifungua injini ndani ni kazi ya aliyesomea, na vyuo vya VETA, kama kile cha Chang'ombe, viliwekwa kwa ajili hiyo.

Ziko pia zana za bei kubwa, kama spana ya kupimia nguvu ya kukaza, ambazo mtu huzihitaji mara chache kwa mwaka. Hizo wavuvi wa pwani moja na wachange, wamteue mtunzaji mwaminifu, na kila azimaye aandikwe daftarini. Wazee walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Methali hiyo haikatazi ushirika, yakataza uvivu. Aliyechanga hategemei cha nduguye, hutumia chake.

Mwisho twawageukia matajiri wa vyombo. Wako wanaowatuma vijana wa watu baharini na mashine nzuri, bila spana hata moja wala plagi ya akiba. Tajiri wa namna hiyo awaza samaki tu. Zana ni sehemu ya chombo kama lilivyo tanga au nanga, na gharama yake ni juu ya mwenye chombo, si ya kukatwa katika mgawo wa mabaharia.