Kompyuta Isiyowaka na Mtoto Asiyejua Kutoa

Haupiti muhula bila ya mwanachuo au mwalimu mwenzetu kutujia na kompyuta yake ya nyumbani mkononi, na maelezo yao hayatofautiani sana. Jana usiku ilikuwa ikifanya kazi vyema. Kisha ikaandika kwamba inasasisha mfumo, isizimwe. Asubuhi ilipowashwa ikaonyesha kioo cheusi, au kiduara kinachozunguka bila kikomo, au maandishi meupe juu ya rangi ya buluu ambayo hakuna aliyeyasoma hadi mwisho. Hapo mwenye mali huuliza swali moja tu: aipeleke kwa fundi gani? Katika makala haya tunakusudia kudai kwamba swali hilo aghalabu huulizwa mapema mno, na kwamba mwalimu, kwa jinsi kazi yake ilivyo, hana udhuru wa kuliuliza mapema.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Mwalimu mmoja wa Darasa la Sita, katika shule tunakopeleka wanachuo kwa mazoezi ya kufundisha, alitujia na kompyuta iliyokataa kuwaka baada ya kusasishwa. Tulikuwa tukisahihisha mitihani, nasi hatukutaka kusumbuliwa. Tukamwambia aipeleke mjini. Fundi alifanya kile ambacho mafundi wengi hukiita "kupiga windo", yaani aliifuta diski yote na kuweka mfumo upya. Jioni ile ile kompyuta ilirudi ikiwaka kwa wepesi kuliko siku iliyonunuliwa. Lakini ndani yake hamkuwa na kitu. Maazimio ya kazi, maandalio ya masomo, na alama za maendeleo za wanafunzi 46 kwa miaka miwili, vyote vilikuwa vimekwenda. Fundi hakuwa mwovu wala mvivu. Aliombwa aiwashe, naye akaiwasha. Waliokosea ni sisi, tuliompeleka mwenzetu kwenye tiba kabla hatujauliza ugonjwa uko wapi.

Twasema hasara ile haikuwa ya lazima kwa sababu kompyuta haiwaki kwa mkupuo mmoja. Kitufe kinapobonyezwa, kwanza huamka programu ndogo iliyomo katika chombo chenyewe, nayo hukagua kama kumbukumbu, diski na kibodi vipo. Ikiridhika, hutafuta katika diski programu ya kuanzishia mfumo. Hiyo nayo huuita kiini cha mfumo, kiini huziita programu ndogo ndogo zinazoendesha kioo, sauti, mtandao na vinginevyo, na mwisho kabisa huja ukurasa wa kuandika nywila. Sasisho aghalabu hugusa faili za mfumo katika ngazi hizi za mwisho. Likiharibika njiani, labda kwa sababu umeme ulikatika au kwa sababu waliolitunga walikosea, ngazi moja huvunjika na safari hukomea hapo. Barua, picha na alama za mwenye kompyuta zimo katika diski hiyo hiyo, lakini mahali pengine, na kwa kawaida hazijaguswa.

Ushahidi mkubwa wa jambo hili ulionekana tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani, inayotengeneza programu za ulinzi wa kompyuta, ilisambaza sasisho lenye kasoro. Kampuni ya Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika. Hizo zilikuwa zaidi za makampuni na mashirika kuliko za nyumbani, na ndiyo maana ndege zilikwama na hospitali zikaahirisha kazi katika nchi nyingi. Na dawa yake ilikuwa nini? Kuiwasha kompyuta katika hali salama, ambapo mfumo huinuka na vile tu usivyoweza kuvikosa, kisha kufuta faili la sasisho lile na kuwasha tena. Diski nzima haikuhitaji kufutwa. Kazi ilikuwa ngumu kwa kuwa kompyuta nyingi zilibidi kufikiwa moja moja kwa mkono, si kwa kuwa ugonjwa wenyewe ulikuwa mkubwa.

Muhula uliofuata baada ya kosa letu, mwanachuo wa mwaka wa pili alituletea kompyuta yenye Windows 11 na dalili zile zile. Safari hii tuliketi nayo mezani. Hatukugusa kitu kabla ya kutazama. Taa iliwaka na feni ilizunguka. Basi umeme ulifika. Alama ya kiwanda ilitokea kiooni. Basi ukaguzi wa kwanza ulipita. Tukachomoa flashi, kipanya na waya wa printa, kwani kuna kompyuta zinazojaribu kujiwasha kutoka kwenye flashi iliyosahauliwa, na mwenyewe akadhani imekufa. Tukaiacha katika umeme kwa muda wa saa nzima, maana sasisho kubwa huweza kuchelewa, na anayeizima kwa kukosa subira huenda ndiye anayeiharibu.

Kiduara kiliendelea kuzunguka. Ndipo tulipobonyeza kitufe cha kuwashia bila kukiachia mpaka ikazima, tukaiwasha, na kiduara kilipotokea tukaizima tena vivyo hivyo. Windows inapoona imeshindwa kuinuka mara mbili tatu mfululizo, huacha kujaribu na kufungua ukurasa wa matengenezo. Watu wengi wanaomiliki kompyuta hawajui kuwa ukurasa huo upo, ilhali umo ndani ya mashine yao tangu siku walipoinunua.

Hapo tulikutana na kizuizi ambacho kila mwanachuo hana budi kukijua mapema. Kompyuta nyingi za siku hizi huifunga diski kwa siri, na kabla ya kuruhusu matengenezo hudai namba yenye tarakimu 48. Kijana wetu alishtuka. Hakukumbuka kuiandika popote. Tuliipata kwa simu yake, katika akaunti aliyoifungua siku alipoanza kuitumia kompyuta. Asiye na namba hiyo hawezi kuzifikia faili zake hata kama fundi wake ni hodari namna gani, kwa hiyo aitafute leo, wakati kompyuta bado inawaka, na kuinakili katika daftari.

Tulijaribu kwanza kuiacha mashine ijirekebishe yenyewe, ikashindwa. Tukachagua kuondoa sasisho la mwisho. Baada ya dakika kama 20 ukurasa wa nywila ulitokea. Kazi ya kwanza haikuwa kushangilia, bali kunakili faili zote kwenye flashi. Kisha tukasimamisha masasisho kwa wiki moja tu. Hatushauri yasimamishwe daima, kwa sababu ndiyo yanayoziba matundu wanamopita wezi. Na lau tungechelewa? Kuliondoa toleo jipya zima la mfumo kwa kawaida huruhusiwa kwa siku 10 tu, kisha nakala ya mfumo wa zamani hufutwa. Lau njia hizo zote zingegoma, tungeiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama vile Ubuntu, tukatoa faili kwanza. Kupiga windo kuna mahali pake, lakini ni baada ya hapo. Diski inayogonga kwa sauti ni habari nyingine: hiyo inakufa, na kila jaribio la kuiwasha huizidishia maradhi.

Huenda msomaji akauliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la ufundishaji. Mpeni mtoto wa Darasa la Tatu hesabu ya 52 toa 38. Akiandika 26, mwalimu mwenye haraka huweka mkasi kwa kalamu nyekundu na kesho yake huirudia mada yote tangu mwanzo. Huko nako ni kupiga windo. Mtoto yule anajua kupanga namba, anajua mamoja na makumi, anajua kutoa. Amekwama mahali pamoja tu: katika kila safu hutoa ndogo katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Nane toa mbili ni sita, tano toa tatu ni mbili. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, walichapisha uchunguzi juu ya makosa ya namna hii. Walionyesha kwamba mengi si uzembe. Mtoto hufuata kwa uaminifu kanuni iliyopinda mahali pamoja. Kasoro hizo waliziita kwa neno la waandishi wa programu za kompyuta, lenye maana ya mdudu, na wakatunga mchezo ambamo kompyuta hujifanya mwanafunzi mwenye kasoro, na mchezaji huitafuta kasoro hiyo kwa kuipa hesabu za kujaribu. Walimu wanafunzi ni miongoni mwa waliopewa mchezo huo.

Kwa hiyo twapendekeza kwamba vipindi vya kompyuta vyuoni vipunguze kidogo kukariri majina ya sehemu zake. Kila chuo kina kompyuta moja au mbili kuukuu stoo. Mkufunzi aiharibu moja kwa makusudi, aiweke mbele ya wanachuo watano, na awakataze kugusa chochote mpaka waandike ubaoni ni ngazi ipi imepita na ipi imekwama, na wamejuaje. Kipindi kinachofuata wapewe madaftari ya hesabu ya watoto, na kazi iwe ile ile. Wapo watakaosema kuwa mwalimu wa msingi hakusomea ufundi, na kuwa shule nyingine hazina hata umeme. Ni kweli. Lakini madaftari yapo katika kila shule, na mwanachuo aliyezoea kuuliza "imekomea wapi?" mbele ya mashine hataona ajabu kuuliza hivyo mbele ya mtoto.

Yule mwalimu wa Darasa la Sita alitumia likizo yake nzima kuzitafuta alama katika madaftari na katika karatasi za mitihani zilizosalia kabatini. Tulimsaidia kwa siku mbili. Zilipatikana za wanafunzi 31.