Bunia: Kodi ya nyumba za kupanga inaweza kuziba manjanja yanayovuja?

Mvua ikinyesha usiku, katika nyumba nyingi za kupanga pale Mudzipela, Nyakasanza ao Bankoko, watu wanaamka kuweka mabeseni chini ya manjanja yanayovuja. Asubuhi mpangaji anamuambia mwenye nyumba. Mara nyingi jibu ni lile lile: feza hakuna, Serikali inakula kodi, na kama nyumba haikufai, uhame.

Kodi kweli iko. Sheria ya Februari 1969 iliweka kodi juu ya mapato ya nyumba za kupangisha, ile watu wa ofisi wanaita IRL. Kiwango chake cha taifa ni 22 kwa mia: mpangaji anakata 20 kwa mia ndani ya loye na kuipeleka kwa ofisi ya kodi, kisha mwenye nyumba anamalizia 2 kwa mia. Katiba ya 2006, kifungu cha 204, inasema kodi hiyo ni ya jimbo. Basi feza ya IRL ya Bunia ni ya sanduku la Ituri, si la Kinshasa.

Chukua mfano wa nyumba ya dola 30 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 360, na kodi yake ni dola 79 na senti 20. Je, jimbo likimuachia mwenye nyumba nusu ya kodi hiyo, kwa sherti atengeneze paa, choo na sakafu?

Wazo hili si geni. Marekani inalifanya tangu 1986: mwenye kujenga ao kurekebisha nyumba za watu wa kipato kidogo anapunguziwa kodi, na loye inawekewa kikomo, kwa kawaida miaka 30. Majimbo mengi ya kule yameongeza punguzo lao wenyewe. Hapa kwetu pia misamaha iko: sheria ya 1969 juu ya kodi ya majengo inawaachilia, kwa masharti, wazee waliopita miaka 55 na wajane, kwa nyumba wanamokaa.

Lakini kuna mitego tatu.

Wa kwanza: punguzo linamsaidia tu anayelipa. Mwenye nyumba asiyetangaza loye yake hana kitu cha kupunguziwa. Vile vile mkimbizi wa Djugu anayekaa kambini Kigonze, ao mama mwenye nyumba yake ya udongo, hawapati kitu. Hao wanahitaji msaada wa moja kwa moja.

Wa pili: nyumba ikipendeza, loye inapanda. Bila kikomo, mpangaji aliyevumilia mvua ndiye atafukuzwa manjanja mapya yakipigwa. Sheria ya 31 Desemba 2015 inakataza garanti ipite miezi mitatu kwa nyumba ya kukaa, lakini wapangaji wengi hawaijui.

Wa tatu: kila dola inayoachwa ni dola isiyofika kwa jimbo, ambalo lina barabara na shule za kutengeneza. Na tangu Mei 2021, Ituri iko chini ya hali ya kuzingirwa: gavana ni mwanajeshi, na bunge la jimbo limesimamishwa. Wale ambao wangejadili kodi hii mbele ya wakaaji hawakai.

Hata hivyo kuna hatua ndogo isiyongoja bunge. Mpangaji aombe mkataba wa maandishi, na kila mwezi risiti ya loye na ya kodi iliyokatwa. Bila karatasi hizo, hakuna anayeweza kuhakikisha nani amelipa na nani anastahili punguzo.

Kifungu cha 48 cha Katiba kinahakikisha makao ya heshima kwa kila mtu. Pale Mudzipela, heshima hiyo inaanza na kitu kidogo: kulala mpaka asubuhi bila kuamka kumwaga beseni.