Maneno ya Gereji na Mteremko wa Kitonga

Katika gereji za Mafinga, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, Kiswahili cha ufundi wa magari hakina upungufu. Klachi, gia, rejeta, difu, springi, pistoni: utingo aliyeishia darasa la saba huyatumia bila kigugumizi. Wako wasomi wayaonao maneno haya kuwa ya kihuni, wakingojea istilahi zilizo safi zaidi. Sioni sababu. Usukani nao ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa motokaa, na leo hapana anayelalamika.

Jambo la kushughulikia ni maana. Neno likifahamika vibaya darasani, mwanafunzi hukosa alama. Likifahamika vibaya Kitonga, watu hufa.

Tuchukue "kukatika breki". Lori lililobeba mbao za Sao Hill, uzito wake wote tani 30, linateremka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni. Kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka, huachilia nishati ya jouli milioni 30, yaani kilo 30,000 mara 10 mara 100. Nishati hiyo yatosha kupasha lita 89 za maji kutoka nyuzi 20 hadi yachemke. Dereva akitegemea pedali peke yake, karibu yote hugeuka joto magurudumuni. Ngoma ya breki hutanuka na kuziacha lainingi nyuma. Lainingi nazo, joto likizidi kiasi chake, hupoteza msuguano. Dereva hukanyaga hadi mwisho, lori lisiitike. Ziko ajali ambazo bomba hupasuka kweli, lakini hapa hapana kilichokatika: zikipoa, breki zizo hizo huweza kukamata tena. Neno "kukatika" humfanya dereva alaumu bahati, ilhali kosa lilitendeka juu kule, alipochagua gia.

Neno "fri" ni la hatari zaidi, kwa kuwa linavutia. Dereva huweka gari fri mteremkoni akidhani anaokoa dizeli. Ukweli ni kinyume. Gari likiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu hukata dizeli. Likiwa fri, injini hudai mafuta ili isizimike. Isitoshe, injini iliyofungamana na magurudumu kwa gia nzito hula sehemu ya nishati ile kwa msuguano na kwa kusukuma hewa, hasa pale penye breki ya ekzosi izibayo njia ya moshi. Aliye fri ameitupa breki hiyo kwa hiari yake.

Ndugu mwalimu wa fizikia, somo hili halihitaji maabara. Mwanafunzi mmoja ateremke kilima kwa baiskeli yenye breki za mpira, akiibana breki njia nzima, kisha wenzake waguse rimu kwa uangalifu. Baada ya hapo wapigieni hesabu uzito wake na kimo cha kilima, na mwite fundi wa jirani aeleze, kwa maneno yake mwenyewe, jinsi lainingi iliyoungua inavyoonekana.