Mwanao hataki kuvua shati?

Ana miaka 14, kidato cha pili, na ghafla hataki kuoga na wenzake wala kuvua shati mpirani. Mama anadhani ni jeuri. Kumbe chuchu zimevimba, zinauma zikiguswa, naye anaamini anageuka msichana.

Hageuki. Balehe huyumbisha homoni, na wavulana wengi hupitia hali hii. Mara nyingi huisha yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Kuziminya, kama wanavyoshauriana bwenini, huongeza maumivu tu. Baba amuulize faraghani, bila utani (huenda naye yalimkuta, ila hakusema). Uvimbe ukikua haraka, chuchu ikitoa majimaji au korodani ikiwa na kinundu, apelekwe hospitali bila kusubiri.