Taji la Kitale na Chifu wa Bungoma

Sheria ya mwaka wa 1915 iliifanya ardhi ya wenyeji, pamoja na ile ya Kitale waliyogawiwa walowezi baadaye, kuwa Ardhi ya Taji. Mfasiri anayeandika "ardhi ya serikali" humficha mwenye taji, yaani mfalme wa Uingereza. Serikali ya kikoloni ilikuwa tarishi wake tu.

Bungoma mizani iligeuzwa. Waingereza waliwasimika Wawanga juu ya Wabukusu, lakini Nabongo Mumia mwenyewe, mfalme wa Wawanga, Kiingereza kilimwita chifu. Cheo hicho hadi leo ni cha mtumishi wa mshahara! Kwa nini basi wanaisimu wa Kiswahili (wahadhiri wakiwemo) wanakinakili? Mumia na aandikwe mfalme, na ardhi ile iandikwe ya Taji.